Vamia, shambulia, hujumu au elemea? Mwongozo kamili wa kuchagua kitenzi cha mashambulizi

Fungua gazeti la Kiswahili siku yoyote na utakuta kitenzi kimoja kimebebeshwa kazi ya vitenzi kumi. Majambazi wameshambulia duka. Nzige wameshambulia mtama. Wadukuzi wameshambulia tovuti, mbunge amemshambulia waziri, na timu fulani imeshambulia kipindi chote cha pili. Sarufi haina kasoro hapo. Ila msomaji hajui kama majambazi waliingia ndani au walirusha mawe wakiwa barabarani, kama walikuwa wawili au ishirini, kama mwenye duka alijibu au alizidiwa kabla hajainuka kitini. Yote hayo Kiswahili kinaweza kuyasema ndani ya kitenzi chenyewe, bila sentensi ya ziada.

Mwongozo huu ni wa mwandishi wa habari, mhariri, mfasiri na mwanafunzi wa insha. Uufuate ukiwa na aya yako mkononi, maana hatua ya mwisho ni kuirekebisha.

Hatua ya 1: Zijue nguzo nne

Anza na *shambulia*. Hiki ndicho kitenzi kipana kuliko vyote: kumwendea mtu au kitu kwa nia ya kumdhuru, kwa mkono, kwa silaha, kwa maneno. Hakisemi umbali, hakisemi idadi, hakisemi nani alishinda. Timu inaweza kushambulia dakika zote 90 na kuambulia sare. Ugonjwa unashambulia mapafu, na mfungaji hodari anaitwa mshambuliaji bila mtu kuogopa. Kwa sababu ya upana huo, kitumie pale ambapo hujui zaidi, au pale sheria inapokitaka. Kwenye hati ya mashtaka “shambulio la kudhuru mwili” na “shambulio la aibu” ni majina ya makosa. Hapo usijitie ufundi wa kubadilisha neno ili habari ipendeze.

*Vamia* kina mlango ndani yake. Anayevamia huingia mahali asipotakiwa, kwa ghafla na kwa nguvu, na mara nyingi anabaki humo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia sehemu ya Tanzania iliyo kaskazini ya Mto Kagera: huo ulikuwa uvamizi. Kama wangebaki upande wao na kurusha mizinga tu, tungesema wameshambulia. Ndiyo maana pia tunasema wavamizi wa ardhi, magugu maji yamevamia Ziwa Victoria, siafu wamevamia banda la kuku. Nzige wa jangwani walipoingia Kenya wakitokea Somalia mwishoni mwa Desemba 2019, “kuvamia” kilikuwa kitenzi sahihi kabisa, kwa kuwa habari yenyewe ilikuwa kuingia kwao na kutua mashambani.

Kitenzi hicho kina maana nyingine ya mitaani ambayo kamusi nyingi huipita haraka: kujiingiza kwenye jambo usilolijua. “Amevamia fani” husemwa kwa mwimbaji asiye na sauti, fundi asiye na ufundi, na mchambuzi wa soka ambaye jana alikuwa hajui kuotea ni nini. Hapo hakuna aliyepigwa, lakini picha ya mlango imebaki vilevile.

*Hujumu* ni mtoto wa Kiarabu, na kwa asili yake ni kushambulia kwa kasi. Katika Kiswahili cha leo, hasa Tanzania, kimeelemea kwenye siri. Anayehujumu mara nyingi yuko ndani: mchezaji anayedaiwa kuuza mechi, mtumishi anayekwamisha mradi, fundi anayelegeza nati usiku. Maana hiyo ilikita mizizi mwaka 1983, wakati Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako dhidi ya walioficha bidhaa, wakaitwa wahujumu uchumi, na sheria maalumu ikatungwa mwaka huohuo. Iliyochukua nafasi yake mwaka 1984 bado inabeba jina la uhujumu uchumi. Kwa hiyo ukiandika kwamba “waasi waliihujumu kambi ya jeshi alfajiri”, msomaji wa Dar es Salaam anaweza kudhani walikata nyaya za simu au kutia sumu kisimani. Kama walikuja mbele kwa risasi, andika “walishambulia”. Wazee wa pwani na vitabu vya zamani vinakitumia hujumu kwa vita vya wazi, na hilo si kosa. Jua tu unamwandikia nani.

Nguzo ya nne ni *elemea*, pamoja na ndugu yake *lemea*. Hivi vina uzito ndani yake. Chombo cha baharini kilichopakiwa vibaya huelemea upande mmoja. Mzigo humlemea mchukuzi mpaka magoti yakapinda. Ukivileta kwenye mapambano vinasema jambo ambalo shambulia hakilisemi: nguvu za upande mmoja zimepita uwezo wa upande wa pili kuzibeba. Adui anayekuelemea si lazima awe hodari kukuzidi. Anatosha kuwa mwingi, au kuja mfululizo bila kukupa nafasi ya kuvuta pumzi.

Waandishi wengi wanaotafuta neno la shambulio la kushinda nguvu huishia kuandika “shambulio kubwa sana” au “mashambulizi makali”. Neno walilolitafuta ni hili la nne, na tena mara nyingi wanalihitaji katika kauli ya kutendwa.

Hatua ya 2: Amua unasimulia kutoka upande gani

Soma sentensi hizi mbili: “Wafuasi waliwashambulia askari langoni.” “Askari langoni walielemewa.” Ya kwanza inakuweka pamoja na umati, ya pili inakusimamisha na askari, migongo yao ikiwa ukutani. Tukio ni lilelile.

Kiswahili kimejaa vitenzi vya kushindwa nguvu ambavyo karibu kila siku tunavisema katika kutendwa: kuelemewa, kulemewa, kuzidiwa, kuzongwa, kusongwa, kuandamwa. Ndiyo maana vinahama kwa urahisi kutoka vitani hadi maisha ya kawaida. Mtu analemewa na madeni, anasongwa na mawazo, anaandamwa na mikosi. Mgonjwa “amezidiwa” na ndugu wanaitwa bila mtu kuuliza amezidiwa na nini. Ukiwa na mhusika aliyekumbwa na jambo kubwa kuliko yeye, jaribu kwanza kauli ya kutendwa ya mojawapo ya hivi kabla hujakimbilia vivumishi.

Kuna tahadhari moja. Kutendwa huweza kumficha mtenda. “Wanakijiji walishambuliwa usiku” ni sawa katika taarifa ya kwanza, wakati mtenda hajajulikana. Akijulikana, mrudishe kwenye sentensi.

Na *pambana*, *kabiliana* na *shambuliana* visiguswe mpaka uhakikishe pande zote mbili zilitupa ngumi. Kiambishi cha kutendana kinagawa lawama nusu kwa nusu. Ukiandika “polisi na wanafunzi walipambana” huku wanafunzi walikuwa wanakimbia, umeandika uongo kwa sarufi safi, na hakuna atakayekushika kwa urahisi.

Hatua ya 3: Pima wingi, kasi na silaha

Hapa ndipo lugha ilipojaa, na ndipo uchaguzi unapoonyesha mwandishi.

Kwa wingi wa watu waliomzunguka mmoja, kuna *zonga*. Nyota wa muziki akishuka kwenye gari huzongwa na mashabiki. Mwizi wa kuku huzongwa na kijiji kizima. Zonga inabana, haipigi lazima. Kwa wanaofuata bila kuchoka, kuna *andama* na *sakama*: nyuki humwandama mtu mpaka mtoni, wakusanya madeni humsakama mpaka msibani, na washambuliaji huliandama lango dakika kumi za mwisho. Kwa mruko mmoja wa ghafla kuna *rukia*, kitenzi cha chui na cha mlinzi aliyechoka kusubiri. Kwa aliyejificha kwanza kuna *vizia* na *otea*. Watangazaji wa mpira wamekichukua hiki cha pili: mchezaji aliyetangulia nyuma ya mabeki “ameotea”, kana kwamba alijilaza kichakani akisubiri.

Kwa silaha za kurushwa, angalia kinachorushwa. Mawe *huvurumishwa*. Risasi, maswali na matusi *humiminwa*. Mizinga *hupigwa*, na mji hupigwa mizinga au hupigwa mabomu. Usiseme mji “umepigwa na mabomu”, kwa sababu ya jambo nitakalolieleza katika sarufi.

Ukiangalia vizuri utaona mnyumbuliko mmoja unafanya kazi kubwa kimyakimya: ule wa kutendea. Ruka ni mchezo wa mtoto, *rukia* ni shambulio. Mimina ni kazi ya jikoni, *mmiminia* ni maafa. Shuka ni kwenda chini. *Mshukia* ni kumtua mtu kama mwewe. Ingia na *ingilia*, vurumisha na *vurumishia*, hata jia katika “akamjia juu”. Ukikosa kitenzi cha kushambulia, chukua kitenzi cha kawaida cha mwendo, kitie kiambishi cha kutendea na kiambishi cha mtendwa, kisha sikiliza. Mara nyingi kitatosha na kitakuwa kipya kuliko neno lolote la kwenye orodha ya visawe.

Mfano wa zama hizi. Julai 2023 jukwaa la huduma za serikali ya Kenya, eCitizen, lilizorota, na waziri wa teknolojia wa wakati huo, Eliud Owalo, akathibitisha kwamba kulikuwa na jaribio la kuuziba mfumo kwa maombi mengi kuliko kawaida. Walioandika kwamba jukwaa “limedukuliwa” walimwambia msomaji kwamba mtu aliingia ndani na kuona siri zake. Kudukua ni kuingia. Kilichoelezwa kilikuwa jukwaa *kumiminiwa* maombi mpaka *likaelemewa*. Kwa mtu aliyekuwa anahofia kitambulisho chake, tofauti ya vitenzi hivyo ndiyo habari nzima.

Hatua ya 4: Tenga tendo na matokeo

Vipo vitenzi vinavyosema lililofanywa, na vipo vinavyosema kilichobaki baada yake. *Zingira* na *husuru* ni mwanzo: kumziba mtu pande zote asitoke wala asipate chakula. Waomani waliizingira Ngome ya Yesu, Mombasa, tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na kuandika kwamba “waliivamia kwa karibu miaka mitatu” ni kichekesho, kwa kuwa uvamizi ni jambo la saa au siku. *Teka* na *twaa* ni mwisho: mahali pamebadilisha mwenyewe. *Sambaratisha*, *teketeza*, *angamiza* na *fyeka* vinasimulia mabaki. Sambaratisha ni kwa kitu kilichokuwa kimeshikamana kikatawanyika, kama kikosi au genge. Teketeza kinataka moto au kitu kinachofanana nao. Fyeka hakimwachi hata mmoja amesimama.

Kosa la kawaida ni kutumia tokeo kabla halijathibitishwa. Kikosi “kilichosambaratishwa” asubuhi mara nyingi kinaonekana tena jioni.

Na usidharau *piga*. Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alipowatangazia Watanzania vita dhidi ya Amin, aliwaambia kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga wanayo. Angeweza kusema kumshambulia, kumkabili, kumfurusha. Alisema kumpiga, neno la mtoto wa darasa la kwanza, na hadi leo watu wanaikumbuka sentensi hiyo.

Hatua ya 5: Linganisha na ukumbi

Vichwa vya habari vya siasa vina kabati lake. Mbunge *amvaa* waziri, *amshukia*, *amjia juu*, *amlipua*, *amchana*. Hakuna damu hata tone. Kumvaa ni kumkabili uso kwa uso, kumlipua ni kutoa siri zake hadharani, kumchana ni kumwambia ukweli bila kupepesa. Ukikosoa hoja kwa upole bungeni, hukumvaa mtu. Mhariri anayeandika hivyo anauza gazeti.

Mpira nao una kipimo chake, na wasomaji wa michezo ni wakali kuliko wa siasa. Ushindi wa bao moja ni *kulaza*, au *kuchapa* kwa mwenye haraka. Mabao mawili matatu, *kunyuka* na *kutandika*. Tarehe 5 Novemba 2023, Yanga ilipoifunga Simba 5-1, ndipo mtu alikuwa na haki ya kutoa *chabanga*, *garagaza* na *sambaratisha* kabatini. Simba nao walikuwa wamevitumia Mei 2012, walipoifunga Yanga 5-0. Kenya utasikia zaidi *pepeta*, *charaza*, *zaba* na *lima*. Ukitumia chabanga kwa bao la penalti la dakika ya 88, siku ya mabao matano utakosa la kusema.

Nusu fainali ya Kombe la Dunia ya 8 Julai 2014, Belo Horizonte, inafaa kwa mazoezi. Ujerumani ilishinda 7-1. Lakini simulizi lenyewe liko kati ya dakika ya 23 na ya 29, mabao manne yalipoingia mfululizo na Brazil ikaacha kucheza. Andika kwamba Ujerumani “ilishambulia sana” na umepoteza zile dakika. Andika kwamba Brazil “ilielemewa”, ukitaja dakika zenyewe, na msomaji anawaona mabeki wakitazamana.

Hatua ya 6: Kagua sarufi

Mtenda huja na *na*, chombo huja na *kwa*. Mtu alishambuliwa *na* vijana *kwa* mapanga. “Alishambuliwa na mapanga” inayapa mapanga miguu. Kosa hili liko kila mahali, redioni zaidi.

Shambulia, vamia na hujumu huchukua mtendwa moja kwa moja: “waliishambulia kambi”, si “walishambulia dhidi ya kambi”. Dhidi ya hufuata nomino: mashambulizi dhidi ya kambi.

Kwa nomino, tukio moja ni *shambulio*. Mfululizo au kampeni ni *mashambulizi*. Vamia hutoa *uvamizi*, na hujumu hutoa *hujuma*, ambayo haibadiliki katika wingi. Kwa ugonjwa wa moyo, *mshtuko wa moyo* unakaa vizuri zaidi kuliko kuuita shambulio. Na katika masimulizi ya pigo la haraka, acha -li- ifungue na -ka- iendeshe: walivamia, wakavunja, wakabeba, wakatoweka. Ukirudia -li- mara nne, shambulio linageuka ripoti ya kikao.

Hatua ya 7: Rekebisha aya

Tuchukue tukio la kweli. Sultani Hamad bin Thuwaini wa Zanzibar alifariki 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash, aliyetaka kumrithi, akaingia kwenye jumba la kifalme bila ridhaa ya Waingereza. Hii ni aya ya mwanafunzi kama tunavyoikuta mara nyingi:

“Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walivamia jumba la Sultani kwa mashambulizi makubwa sana. Walipambana na wafuasi wa Khalid na kuwashambulia sana. Baada ya mashambulizi hayo Khalid alishindwa.”

Pitisha hatua zetu. Je, waliingia? Pigo lilitoka baharini, basi vamia inaondoka. Silaha ni mizinga ya meli, basi tuna piga mizinga. Je, walipambana? Kidogo: meli ya Sultani, Glasgow, ilijibu. Nguvu zililingana? Hata kidogo: upande wa jumbani watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, na upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Basi uzito wa aya uhamie kwa walioelemewa. Sasa iandike upya:

“Onyo la Waingereza lilikwisha saa tatu asubuhi ya 27 Agosti 1896. Dakika chache baadaye manowari zao zilizotia nanga mbele ya jumba zikaanza kulipiga mizinga. Glasgow, meli ya Sultani, ikajibu. Ikazamishwa palepale bandarini. Jumbani, ambako kuta nyingi zilikuwa za mbao, watu walielemewa tangu makombora ya kwanza. Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Dakika 40 hivi tangu mzinga wa kwanza, bendera yake haikuwapo tena.”

Shambulia haimo hata mara moja, na “sana” imetoweka yenyewe. Pambana imeachia nafasi “ikajibu”, kwa sababu ndicho kilichofanyika na kwa muda mfupi. Elemewa imetumika mara moja tu, mahali penye watu. Ukiirudia kwenye aya hiyohiyo itachuja. Na kama mwalimu wako anadai neno “shambulio” lionekane, liweke kwenye kichwa cha insha.